Robine Iliyoachwa Wazi

Mtaa wetu uko Buyenzi, Bujumbura, na kwetu robine ya maji ikikauka hatuifungi. Tunaizungusha mpaka mwisho, tunaweka karai chini yake, kisha kila mtu anaendelea na shughuli zake huku sikio moja limebaki uani. Maji yakirudi, karai litalia, na mwenye nyumba atatoka mbio na madumu yake, bidoni tunavyoyaita, kabla hayajakatika tena. Hakuna aliyetufundisha jambo hilo. Shida ndiyo iliyotufundisha, na kama walimu wengine niliowahi kuwa nao, ilitufundisha upuuzi kwa sauti ya uhakika.

Mama yangu aliichukia desturi hiyo kuliko alivyowachukia wezi. Alikuwa na sababu. Bomba linaingia mtaani kwa chini, upande wa ziwa, na nyumba yetu iko juu kabisa, mwisho. Maji yanaporudi hurudi kwa unyonge. Kama walio chini wote wameacha robine wazi, makarai yao yanajaa, yanafurika, mtaro unapata fungu lake, na sisi huku juu tunasikia bomba likipumua tu. Kwa hiyo mama alijifunga kanga kiunoni akashuka mtaani, geti kwa geti.

“Mufunge robine!” alikuwa akiwaambia. “Maji ikikuya, itamufikia nani kama yote inaenda mu mutaro?”

“Sasa mama, tukifunga, tutajua aje kama imekuya?”

“Utafungua, utaangalia, utafunga. We hauna mikono?”

Walimcheka, lakini kwa mapenzi. Akiwa amesimama hapo walifunga. Akishakata kona walifungua. Jirani yetu wa geti la pili, mwanamke aliyekimbia vita Kongo na watoto wake, alimwita “komiseri wa maji” na kumpigia saluti. Mama naye alimrudishia saluti. Nilimwambia aache kujichosha, kwa sababu watu wa mtaa huu nawajua. Hakuacha.

Mama alikuwa muosha maiti. Si kazi ya mshahara. Ni kazi ya thawabu. Mwanamke Mwislamu akifa Buyenzi, au hata Nyakabiga, watu walikuja kumgongea, naye alichukua mfuko wake wenye pamba, karafuu maiti na kopo lake la plastiki la buluu, akaondoka bila kuuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Nimefuatana naye mara nyingi. Jambo lililonishangaza ni uchache wa maji aliyotumia. Alimimina kwa kopo taratibu, mkono mmoja ukimimina, mwingine ukiyafuata maji kwenye ngozi ili yafike kila mahali. Bidoni moja ilimtosha, na mara nyingine ilibaki. Tumefundishwa tusifuje maji hata tukitawadha kando ya mto. Wengi tunalisema neno hilo na kulipita. Mama alikuwa anaishi nalo, na maji ya kuoshea mchele nyumbani kwetu yalikuwa na safari ndefu kabla ya kufika chini.

Miaka ile ziwa lilipopanda, binamu yangu alikuwa ameolewa Kibenga, kando ya ziwa. Wengine mliona picha: maji mpaka madirishani, watu wanabeba magodoro kichwani. Sisi tuliyaona kwa macho. Mama mkwe wa binamu yangu alifia huko, katika nyumba ambayo ziwa lilikuwa limeingia mpaka sebuleni, na mama akaitwa. Tulivua viatu tukapita ndani ya maji yaliyotufika magotini. Na katika nyumba hiyo, iliyojaa maji namna hiyo, robine ilikuwa kavu.

Vijana walikwenda kuchota ziwani, wakaingia mpaka kifuani ili wapate yaliyo mbali. Lakini vyoo vya mtaa mzima vilikuwa vimezama, na harufu ilikuwa imeenea kila mahali. Sheikh alisema yanatosha. Mama hakubisha, akaosha, akamimina, akamfunga yule bibi katika sanda nyeupe. Nilimwona anainama kumnusa marehemu shingoni, kama mtu anavyomnusa mtoto mchanga, halafu akageuka haraka.

Tulipofika nyumbani alikaa kwenye kizingiti, miguu bado ina matope.

“Nimewaosha wanawake wengi,” alisema. “Huyu ndiye wa kwanza nimemutuma kwa Mungu na harufu ya choo.”

“Mama, sheikh amesema ni sawa.”

“Ni sawa. Mi sikatai. Lakini siku yangu, mutoto yangu, musinioshe na ile maji. Munitafutie maji ya robine. Haitakuwa mingi. We unajua mi sitaki mingi.”

Nilimwahidi. Ni ahadi gani nyepesi kuliko hiyo? Watu wengine huahidi mama zao nyumba ya ghorofa, au Maka. Mimi nilimwahidi bidoni moja ya maji.

Tangu siku hiyo chini ya kitanda chake zilikaa bidoni mbili za njano, vifuniko vimefungwa kwa nailoni. Robine ikitoa maji, ya zamani yaliingia kwenye kufulia na mapya yakachukua nafasi yake. Hatukuruhusiwa kuzigusa hata kwa chai. Tulimtania kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye alijibu kwamba atakayeinama hapo atainuka na kofi. Moja ilikuwa ya maiti yeyote atakayeitiwa. Nyingine ilikuwa yake.

Halafu kikaja kiangazi hiki cha mwisho. Sitaki kukielezea sana; aliyekuwa Bujumbura anakijua, na asiyekuwepo atadhani nazidisha. Mafuta ya magari hayapatikani, kwa hiyo malori ya maji hayaji. Robine zimekauka mpaka tukasahau sauti yake. Watu wa baiskeli wanapandisha maji ya ziwa, bidoni zimefungwa nyuma na ubavuni, na tunayanywa tukijua yana nini. Kila kiangazi tunasema mvua zikija tutajipanga, tutatengeneza mabomba yanayovuja, tutaweka matangi, tutavuna ya mabati. Mvua zinakuja, mitaro inajaa, watu wanalalamika matope. Hakuna anayejipanga. Nimekoma kuamini kwamba tutajipanga.

Katika kiangazi hicho mama alilazwa kitandani na moyo uliochoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Alilala juu ya bidoni zake mbili kama kuku anayeatamia, na mara nyingine niliona mkono wake umening'inia pembeni, vidole vinagusa kifuniko.

Siku moja mchana jirani wa geti la pili alikuja. Hakupiga saluti. Mtoto wake wa mwisho alikuwa anaharisha tangu jana yake, macho yameingia ndani. Kituo cha afya walikuwa wamempa dawa ya unga ya kuchanganya na maji safi, wakamrudisha nyumbani kwa sababu hata wao hawakuwa na nafasi.

“Maji safi,” aliniambia, anaonyesha kile kipakiti. “Dada, mi nitaitoa wapi maji safi? Kuni zimeisha, makaa hakuna. Ile ya ziwa ndiyo ilimugonjwesha.”

Nilimwambia pole. Nilimwambia sisi pia hatuna. Tulikuwa uani na dirisha la mama lilikuwa wazi.

“Muambie aingie,” mama alisema.

Nilijua anachotaka kufanya, na moyo wangu ulikataa kabla hajasema. Nilimwambia tumpe nusu ya moja, ya dawa tu. Alinitazama kama anavyowatazama watu wa robine.

“Mutoto anaharisha. Atamuosha na nini? Nguo atafua na nini? Na hao wengine wakigonjwa?”

“Mama, ni maji yako.”

“Maji ya maiti haiwezi kumukatalia mutu mwenye uhai. Inama, toa zote mbili. Robine itarudi.”

Niliinama. Zilikuwa nzito kwa namna ya kitu kilichowekwa muda mrefu. Jirani alipiga magoti kando ya kitanda, akaushika mkono wa mama, akasema kwa Kiswahili chake cha Uvira maneno ambayo sikuyasikia vizuri kwa sababu alikuwa analia. Mama alimwambia aende haraka, machozi nayo ni maji, asiyamwage. Mtoto alipona. Nasema hivyo wazi ili mtu asije akadhani najutia. Mtoto yule anakimbia barabarani mpaka leo.

Robine haikurudi.

Mama alifariki asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, akiwa ameketi ameegemea mito kwa sababu kulala chali kulimnyima pumzi. Alikuwa ameniomba nimchane nywele. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa. Sitaandika zaidi ya hapo kuhusu dakika ile, kwa sababu haihusu maji.

Kwetu maiti hacheleweshwi. Azikwe baada ya adhuhuri, walisema wanaume, na mama mdogo, aliyekuwa akiosha pamoja na dada yake miaka yote hiyo, alifika na mfuko wake. Alitandika, akaandaa pamba, akaisaga karafuu maiti. Kisha akaniuliza maji yako wapi. Mimi, niliyekuwa sijalia bado, nilianza kulia hapo.

Kaka yangu alizunguka madukani kutafuta maji ya chupa; yalikuwa yameisha, watu wengine wote walikuwa na wazo hilo hilo kabla yake. Akaenda kwa miguu mpaka Kigobe, ambako nyumba kubwa zina matangi. Mlinzi alimwambia mwenye nyumba amesafiri. Alirudi na bidoni tupu, akaiweka chini polepole kana kwamba ingepiga kelele ya kumwaibisha.

Wanawake wa mtaa walikuwa wamejaa uani. Siku hizi mtu haji msibani na sukari, anakuja na maji, na walikuwa nayo kidogo kidogo, katika chupa na makopo. Nikauliza, haya ni ya robine? Wakatazama chini. Yote yalikuwa ya ziwa. Nilijikuta nawaeleza kile ambacho mama aliniomba. Sikupaswa kuwaambia, maana nani angeweza kunipa? Lakini walinisikiliza, na jirani wa geti la pili akasimama.

“Twende wote,” alisema. “Twende mbali, kule mitaro haifike, penye maji inakuwa ya kung'aa. Kila mutu na bidoni yake. Huyu mama ni nini hakutufanyia? Twende!”

Walikwenda. Wote waliokuwa na nguvu, na wenye baiskeli mbele. Jirani alibeba zile bidoni mbili za njano, za mama. Nilisikia mageti yakifungwa moja baada ya jingine, makufuli yakibanwa, kwa sababu wezi wa Buyenzi hawana matanga. Kisha mtaa ukanyamaza namna ambayo sijawahi kuusikia. Tulibaki sisi wa nyumbani, na vikongwe kutoka mitaa mingine wanaosoma Kurani kwa sauti ya chini.

Mama mdogo ndiye aliyesikia kwanza. Aliinua kidole.

Karai lilikuwa linalia. Si letu. Lilikuwa la chini, geti la pili. Halafu jingine, mbali zaidi. Halafu sikuweza kuyahesabu, mtaa mzima ulikuwa unalia, bati kwa bati, nyuma ya mageti yaliyofungwa.

Nilikimbilia robine yetu. Niliifungua. Ilipumua. Nikaweka kiganja chini ya mdomo wake na nikausikia upepo, upepo wa baridi wenye unyevu, maji yako karibu kiasi hicho. “Kujeni!” nilipiga kelele, sijui nikimwambia nani. Kaka alisukuma geti la jirani kwa bega. Ni geti la chuma, na ukuta una vipande vya chupa juu. Aligonga, akapiga teke, akaomba jiwe. Kufuli halikufanya lolote. Huko ndani sauti ya karai ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti nzito ya chombo kilichojaa, kinachofurika.

Yakaanza kutoka chini ya geti. Yalikuwa yamepita uani kwa jirani, penye kuku na takataka na sabuni ya zamani, na yalipofika kwangu yalikuwa na rangi ya chai. Nilipiga magoti na kopo la buluu la mama. Nilichota. Nilichota matope. Bibi mmoja alisimama juu yangu na kuniambia taratibu kwamba maji yakimwagika hayazoleki, inuka mwanangu, na nilimtukana, Mungu anisamehe, mwanamke wa umri wa bibi yangu. Barabara yote ilikuwa inang'aa. Maji ya robine, safi, tuliyoyaota kwa wiki ngapi, yalikuwa yanateremka kwenye mtaro kuelekea ziwani, ambako watu wote walionipenda walikuwa wamekwenda kumchotea mama.

Kisha yakakatika. Robine yetu ilikohoa mara moja na kunyamaza.

Wa baiskeli walirudi wa kwanza. Hawakuwa wamefika mbali. Muda ulikuwa unawabana, walichota karibu na mahali wanapochota siku zote. Sheikh alituma mtu kutukumbusha kwamba adhuhuri imekaribia. Mama mdogo alifungua kifuniko, akanusa, akanitazama. Nilimimina. Nilijaribu kumimina kama mama, mkono ukiyafuata maji kwenye ngozi, lakini mengi yalimwagika pembeni. Katika maji ya mwisho tuliweka karafuu maiti nyingi kuliko kawaida. Nilipoinama kumnusa shingoni, ilikuwepo. Chini ya karafuu ilikuwepo.

Tulikuwa tumeshamfunga sanda wakati jirani alipofika kwa miguu, jasho tupu, bidoni za njano kichwani na mkononi, maji ya mbali kweli, ya kung'aa. Aliona barabara imelowa. Aliona maji yametoka chini ya geti lake mwenyewe. Nilisikia bidoni ikianguka, kisha kufuli likifunguliwa. Alitokea mlangoni kwetu amebeba karai, limejaa mpaka ukingoni, anatembea kama mtu aliyebeba moto.

“Robine niliiacha wazi kwa ajili ya mama,” alisema. “Nilisema maji ikikuya, karai ijae, iwe ya mama. Niliweka karai safi, dada. Niliosha karai kwanza.”

Nilitazama ndani. Ungeweza kuona mkwaruzo mdogo kabisa kwenye bati la chini. Hakukuwa na kitu ndani ya maji yale isipokuwa mwanga. Yangetosha. Kwa mkono wa mama yangetosha, na pengine yangebaki.

“Bado munaweza?” aliuliza. “Mufungue kidogo?”

Mama mdogo alitikisa kichwa. Josho limekwisha, limetimia, sanda haifunguliwi kwa sababu ya harufu. Jirani alikaa chini pale pale, karai mapajani, na hakuna aliyemlaumu. Ningemlaumuje? Nilitaka kumlaumu mtu na sikumpata. Mtaa mzima ulikuwa umekwenda kumtafutia maji, na mtaa huo huo ndio uliomwaga maji yake.

Wanaume walilinyanyua jeneza. Barabara ilikuwa na madimbwi, kwa hiyo walitembea wakiruka, mmoja akimwonya mwenzake, na mmoja aliteleza kidogo. Viatu vyao vyote vilikuwa na matope. Kaka alirudi mbio kutoka getini kuniomba maji ya kunyunyizia kaburi, kama ilivyo desturi. Nilijaza chupa kutoka kwenye lile karai. Alinieleza baadaye kwamba aliyamimina kuanzia kichwani hadi miguuni, polepole, na udongo uliyanywa kabla hajafika mwisho. Kwa hiyo mama alipata maji ya robine. Aliyapata juu ya udongo.

Yaliyobaki nilimrudishia jirani kwa ajili ya watoto. Najua ndivyo angeamua.

Kesho yake, baada ya wageni wa asubuhi kuondoka, nilikwenda uani na kukuta robine yetu iko wazi, karai limewekwa chini yake. Labda ni mgeni, labda ni kaka. Labda ni mimi, nilipokimbia jana nikaifungua na sikumbuki kama niliifunga. Nikaishika. Nilisikia sauti ya mama kabisa: utafungua, utaangalia, utafunga. Kutoka chini, geti kwa geti, sikusikia mtu akizungusha robine.

Nikafikiri, nikiifunga, nani ataniambia yakirudi?

Nikaiacha wazi. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu nayo, nikasikiliza.